Koti la Safari na Kilichomo Mfukoni

UMOJA WA VAZI LA PILI, MADALE

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 14 JUNI 2025, BARAZANI KWA MWALIMU APOLONIA, MADALE

WALIOHUDHURIA
1. Mwl. Apolonia Komba – Mwenyekiti
2. Bw. Stanley Mbilinyi – Katibu
3. Bw. Salumu Pazi – Mjumbe
4. Bi. Tusajigwe Mwakyoma – Mjumbe
5. Bw. Praygod Lyimo – Mjumbe

ALIYEALIKWA
Bi. Somoe Kondo – mwanachama, mjane wa marehemu Mbwana Pazi aliyekuwa Makamu Mwenyekiti

WASIOHUDHURIA
Bi. Clara – kwa taarifa (yuko Kinyerezi, binti yake amejifungua)
Bw. Twaha – bila taarifa, kwa mara ya nne

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilipangwa kuanza saa 9:00 alasiri na kilianza saa 9:40, kwa sababu Bw. Salumu alikuwa bado Manzese ambako robota la mashati lilifunguliwa asubuhi. Bw. Salumu alisema mwenye meza ya mitumba haondoki robota likiwa wazi. Katibu alisema saa tisa ni saa tisa.

Bw. Salumu alisoma dua na Mwenyekiti akasali. Kama ilivyo kawaida ya Umoja, waliombewa pia watu tusiowajua waliovaa kabla yetu nguo tulizokuja nazo, popote walipo, wazima au marehemu. Katibu alimwombea mwenye shati lake wa kwanza ambaye, kwa jinsi kola ilivyo, alikuwa na shingo nene kuliko ya Katibu.

Msomaji anakumbushwa kwamba Umoja hautumii karatasi mpya. Kumbukumbu hizi zimeandikwa kwenye migongo ya mitihani ya darasa la sita ya mwaka 2009, aliyoitunza Mwenyekiti alipostaafu ualimu. Maswali ya hesabu za sehemu yaliyopo upande wa pili hayahusiani na kikao.

KUMB. NA. 2/06/2025: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Bw. Praygod aliulizwa kuhusu viatu vipya alivyoonekana navyo sikukuu ya Pasaka. Alieleza kwamba alipewa na mama mkwe, na kwamba zawadi ya mama mkwe hairudishwi. Maelezo yalipokelewa. Bw. Salumu aliuliza kama mama mkwe huyo anaweza kumkumbuka na yeye, namba arobaini na mbili.

Mwenyekiti alieleza masikitiko yake kwamba wanachama wamebaki kumi na wanne kutoka thelathini na mmoja. Alikumbusha mwaka 2012, mvua zilipoleta nguo zilizotupwa kwenye korongo la chini ya nyumba yake mpaka maji yakakosa pa kupita. Watu wa dini zote walishuka na majembe, wakatoa suruali, mapazia na nguo za watoto kwa siku tatu. Gauni moja la mtoto alilifua mara nne, likavaliwa na mjukuu wake hadi likambana. Siku ile ya tatu, wakiwa wamekaa kwenye tope wanakunywa uji, ndipo waliahidiana kutonunua nguo mpya ilhali iliyokwishavaliwa ipo, na kuishukuru kila nguo kwa Mungu kama mgeni aliyefika kutoka mbali. Mwenyekiti alisema siku hizo walikuwa wanacheka sana. Kisha akasema ajenda iendelee.

KUMB. NA. 3/06/2025: MAOMBI YA KUAZIMA KOTI LA SAFARI

Katibu aliarifu kwamba daftari la koti la pamoja, linaloazimwa na wanachama waendao penye baridi, lina maombi mawili.

(a) Bi. Tusajigwe anakwenda kwao Tukuyu Alhamisi ijayo. Mama yake ana miaka themanini na tatu, amelala tangu Mei, na ameanza kuwataja watu waliokufa kama vile wako uani. Huko ni msimu wa baridi kali.

(b) Katibu anakwenda kwao Njombe mwezi Agosti kujengea kaburi la mama yake.

Katibu alieleza kwamba koti halipo msumarini barazani kwa Mwenyekiti tangu Julai 2022. Lipo kwa Bi. Somoe. Kanuni ya 6 inasema koti lisilale kwa mtu zaidi ya siku saba baada ya safari. Katibu alikwishamwandikia Bi. Somoe barua tatu za kumkumbusha, na hazikujibiwa.

Bw. Salumu, ambaye ni mdogo wa marehemu Mbwana, alisema ameona ajabu kwamba barua ya tatu ilitoka wiki ileile Katibu alipojiandikisha kwa safari yake mwenyewe. Katibu alisema kanuni haiangalii nani anasafiri. Bw. Salumu alisema yeye hajasema kitu.

KUMB. NA. 4/06/2025: HISTORIA YA KOTI

Bw. Praygod, aliyejiunga mwaka jana, aliomba aelezwe kwa nini kamati nzima inakaa kwa ajili ya koti moja. Yeye alipendekeza tuvunje ahadi mara moja tu, tununue jaketi jipya la zipu Kariakoo, na koti abaki nalo Bi. Somoe, yaishe. Mwenyekiti alimwambia akae vizuri asikilize.

Mwenyekiti alieleza kwamba Julai 2013 alifiwa na kaka yake Mbinga na hakuwa na vazi la baridi. Bw. Salumu alilitoa koti kwenye robota kabla halijagusa turubai. Ni koti la sufu la kijivu, vifungo vitano, bitana ya rangi ya maini. Marehemu Mbwana aliingiza mkono mfuko wa kulia, kama tunavyofanya kwa kila nguo, akatoa tiketi ya basi ya nchi tusiyoijua. Nyuma yake mtu aliandika kwa kalamu ya risasi maneno ambayo mpaka leo hakuna aliyeweza kuyasoma. Tiketi hiyo imebanwa ukurasa wa kwanza wa daftari, na wajumbe waliiangalia tena.

Marehemu Mbwana alisema siku ile, na Katibu aliyaandika: "Huyu katuachia kitu bila kutujua. Na sie tuwe tunaachiana." Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wa mfuko. Kila anayeazima koti huacha kitu mfuko wa kulia kwa ajili ya anayefuata. Anayefuata pekee ndiye anayekitoa, tena akiwa safarini, baridi inapoanza. Wengine hawaingizi mkono. Akishakitoa, ni hiari yake kusema au kunyamaza.

Katibu alisoma daftari. Mwaka 2014 marehemu Bi. Zubeda alitoka Lushoto akaacha majani ya mkaratusi yaliyokunjwa kwenye leso. Koti lilinukia mwaka mzima, na Katibu akipita penye mikaratusi bado humkumbuka. Mwaka 2016 Bw. Kasimiri alitoka Mbulu akaacha punje saba za mahindi mekundu, ambazo Mwenyekiti, aliyefuata, alizipanda na zikaota. Mwaka 2017 Bi. Tusajigwe aliacha kipande cha karatasi kilichosema, "Usikae dirishani hata kama unapenda kuangalia." Mwaka 2021 Katibu alitoka Njombe akaacha peremende mbili na jina la mgahawa wa Mafinga wenye maharage mazuri.

Aliyefuata baada ya Katibu ni Mbwana. Alikuwa seremala, na Julai 2022 alikwenda Makambako kuchagua mbao. Akiwa Mafinga alimpigia Katibu simu akicheka: "Braza, peremende zako zimegandana na bitana, nazila na sufu yake." Katibu anaomba iandikwe kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yake, na kwamba anamkumbuka sana.

Marehemu alirudi Jumatano na kifua. Alifariki Ijumaa.

KUMB. NA. 5/06/2025: MAELEZO YA BI. SOMOE

Mwenyekiti alimkaribisha Bi. Somoe aeleze. Bi. Somoe alikuwa amekuja na koti ndani ya mfuko wa kanga, amelipakata tangu kikao kianze. Mwenyekiti aliagiza maneno yake yaandikwe kama yalivyosemwa.

"Shikamoo Mwalimu. Mie sijaiba koti. Mbwana aliporudi Jumatano alikuwa anatetemeka. Alhamisi asubuhi nimetoka kuchemsha maji namkuta kakaa kwenye mkeka, kibandiko cha dawa kifuani, anashona kifungo. Kakichonga mwenyewe, cha mninga. Nikamgombeza. Nikamwambia, wewe una homa unashona koti la watu, koti linakuhusu nini, lala. Hakunijibu, akacheka tu, akamaliza uzi. Akaomba kalamu. Nikampa kwa kumtupia. Akaandika, akatia mfukoni. Usiku tukampeleka hospitali, na pale hakusema tena na mtu. Kwa hiyo neno langu la mwisho kwake ni lile la kugomba."

Bw. Praygod aliuliza, kwa upole, kama Bi. Somoe amekwishasoma kilichoandikwa.

"Sijasoma. Utaratibu wa mfuko kautunga yeye. Mie si msafiri, mie sijawahi hata kuvuka Chalinze. Nikiingiza mkono nitakuwa nimemwibia marehemu. Lakini nikilileta koti hapa, anakwenda nalo Tusajigwe, anasoma yeye. Maneno ya mwisho ya mume wangu anayasoma mtu mwingine, na akiamua kunyamaza, kanyamaza. Sasa likikaa ndani kwangu hakuna anayeyasoma, hata mie, ila yapo. Usiku nikipapasa karatasi nasikia inalia mle ndani. Miaka mitatu nakaa na karatasi."



KUMB. NA. 6/06/2025: BARUA ZA KATIBU

Katibu aliona ni wajibu wake kuuliza kwa nini Bi. Somoe hakuyaeleza haya kwa kujibu barua hata moja, ili kamati ijue.

Bi. Somoe alifungua pochi, akatoa barua zote tatu, akampa Mwenyekiti. Alimwomba asisome upande wa barua, asome mgongo.

Mwenyekiti alisoma kwa sauti: "Familia ya Pazi wa Madale inakukaribisha katika hitima ya arobaini ya mpendwa wao marehemu Mbwana." Aligeuza ya pili, ikawa hiyohiyo. Ya tatu pia.

Katibu alieleza kwamba yeye ndiye aliyekabidhiwa uchapaji wa mialiko ile, kwamba ilibaki mingi nyumbani kwake, na kwamba kwa kufuata msimamo wa Umoja wa kutotupa karatasi aliiweka pamoja na karatasi nyingine za kuandikia. Hakugeuza kuangalia. Aliandika madai ya koti kwenye mwaliko wa msiba wa mwenye koti, akampelekea mjane wake, mara tatu.

Bi. Somoe alisema ya kwanza alidhani ni bahati mbaya. Ya pili alilia. Ya tatu aliikunja akaiwekea mguu wa kabati unaocheza.

Katibu aliomba atoke nje kidogo na kalamu ipewe mjumbe mwingine. Mwenyekiti alikataa, akasema, "Bw. Stanley, kaa uandike." Katibu anaandika.

Katibu alimwomba radhi Bi. Somoe mbele ya kamati. Bi. Somoe alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na Katibu kazi yake ni kuandika kilichosemwa.

KUMB. NA. 7/06/2025: MJADALA NA UAMUZI

Bw. Salumu alipendekeza utaratibu uwekwe kando kwa leo, shemeji yake aingize mkono hapohapo asome, watu waende makwao. Bi. Somoe alikataa. Alisema Mbwana hakuandika kwa ajili ya kikao.

Bw. Praygod aliondoa pendekezo lake la jaketi jipya bila kuombwa.

Bi. Tusajigwe aliomba kuondoa jina lake daftarini. Alisema yeye ni mtu wa Rungwe, baridi ya kwao inamjua, sweta mbili zitamtosha. Mwenyekiti aliuliza kama hilo ndilo suluhisho, maana koti litarudi kwenye kabati la Bi. Somoe na mambo yatabaki yalivyokuwa. Bi. Tusajigwe alifikiri, kisha akasema:

"Basi dada Somoe twende wote. Mie navaa sweta, koti unavaa wewe. Msafiri anayefuata ni wewe. Mama yangu atafurahi, anapenda watu wa Pwani, kila akiamka anauliza kama bahari bado ipo. Wewe utamjibu vizuri kuliko mie."

Bi. Somoe alisema yeye ni mtu mzima wa miaka hamsini na tisa na hajawahi kulala nje ya Pwani. Aliuliza huko Tukuyu kama kuna msikiti. Bi. Tusajigwe alisema upo, na adhana inasikika hadi kwao upepo ukiwa mzuri. Bi. Somoe aliuliza mtu anatawadhaje kwa maji ya baridi namna hiyo. Bi. Tusajigwe alisema atamchemshia yeye mwenyewe, kila sala.

Kikao kilisimama dakika ishirini kumpisha Bi. Somoe na Bw. Salumu waswali Alasiri chumbani kwa Mwenyekiti. Wakati huo Bi. Tusajigwe alianua nguo za Mwenyekiti kambani. Katibu na Bw. Praygod walibaki barazani. Koti lilikuwa limeachwa kwenye kiti, na Katibu alikiona kifungo cha juu. Ni cha mninga kweli, kimesuguliwa mpaka kimekuwa laini kama kokwa la tende. Vingine vinne ni vya plastiki.

Kikao kiliporejea, Bi. Somoe alisema, "Nitakwenda."

Iliamuliwa yafuatayo, bila kupingwa:

(i) Koti liandikwe kutoka kwa marehemu Mbwana kwenda kwa Bi. Somoe, safari ya Tukuyu. Katibu alitakiwa kuandika hapohapo, na aliandika.

(ii) Mfuko wa kulia ufunguliwe na Bi. Somoe peke yake, njiani, baridi inapoanza, kama walivyofanya wengine wote.

(iii) Katibu awe anageuza kila karatasi kabla ya kuiandikia. Hii iingie kwenye kanuni.

KUMB. NA. 8/06/2025: MENGINEYO NA KUFUNGA KIKAO

Bw. Salumu alitoa taarifa kwamba kwenye mashati ya leo alikuta mfukoni ufunguo mdogo. Uliwekwa kwenye kopo la vitu vya mifukoni pamoja na vingine, na mwenye mlango wake akaombewa.

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe. Alisema Mbwana angekuwepo angewataka watu wacheke kabla ya kutawanyika, na akamwomba Bw. Salumu ajaribu. Bw. Salumu alisema leo hawezi. Kikao kilifungwa saa 11:50 jioni kwa sala na dua.

NYONGEZA, TAREHE 5 JULAI 2025

Kumbukumbu hizi zilikuwa zisainiwe mapema. Mwenyekiti aliagiza zisubiri wasafiri.

Walirudi Alhamisi, tarehe 3 Julai. Mama wa Bi. Tusajigwe yuko hai na anakaa kitandani mwenyewe. Bi. Somoe alimweleza habari za bahari kwa siku kumi mfululizo, na mzee alimkatalia asiondoke.

Bi. Somoe alifika kwa Katibu jana baada ya swala ya Ijumaa, koti likiwa limepigwa pasi. Alisema aliingiza mkono mfukoni baada ya Mafinga, vioo vyote vya basi vilipoanza kushika ukungu. Alisema ni hiari yake kusema, na ameamua kusema. Alimpa Katibu karatasi ainakili kwenye kumbukumbu, kisha akairudisha pochini, maana ni yake. Inasema hivi:

"Wewe unayefuata. Kifungo cha juu kilinidondoka Mafinga nikasema si kitu. Kumbe ni kitu. Nimekuchongea kingine, funga mpaka shingoni. Leo Alhamisi, nimekishona huku Somoe ananigombeza. Ana haki. Nyumba ikiwa na mtu wa kukugombeza hivi usikawie safarini. Mbwana."

Katibu alinakili mara mbili, kwa sababu nakala ya kwanza iliharibika kwa maji ya macho. Karatasi zote mbili aligeuza kwanza.

Bi. Somoe alisema alipomaliza kusoma alifunga kifungo mpaka shingoni, akalala mpaka Uyole. Ni usingizi ambao hakuupata tangu Julai ile.

Koti sasa lipo msumarini barazani kwa Mwenyekiti. Msafiri anayefuata kwenye daftari ni Katibu, Njombe, Agosti. Wakati wa kulitundika, Katibu alisikia karatasi ikilia mfuko wa kulia. Hajui Bi. Somoe amemwandikia nini baada ya barua zile tatu, na hatauingiza mkono wake humo mpaka avuke Mafinga.

Zimesomwa na kuthibitishwa kuwa ni za kweli:

A. Komba
MWENYEKITI

S. Mbilinyi
KATIBU